Kabichi ya Cluj, ya matabaka na nyama ya kusaga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Chakula chenyewe

Hiki ni chakula gani hasa?

Ni kabichi, nyama ya kusaga na wali, vinavyopangwa tabaka juu ya tabaka kwenye chombo kipana, vikamwagiwa krimu chachu na kuokwa mpaka juu pakawa hudhurungi. Kwao ni Cluj-Napoca, mji wa Transilvania, kaskazini-magharibi mwa Romania. Waromania wanakiita *varză à la Cluj*, yaani kabichi ya mtindo wa Cluj. *Varză* ndiyo kabichi. Hiyo "à la" ni Kifaransa na imeng'ang'ania hapo, kama zilivyong'ang'ania kwetu "chapati" na "sambusa" bila mtu kuuliza zimetoka wapi.

Ni chakula cha nchi yenye theluji: kizito, cha moto, chenye uchachu kidogo, cha kula jioni ukiwa umechoka. Lakini hakuna sheria kwamba lazima nje pawe na theluji. Masika ya Moshi au Julai ya Limuru yanatosha kabisa.

Je, ni cha Waromania au cha Wahungaria?

Inategemea umekaa meza ya nani, na ukiwa Cluj swali hili liulize kwa adabu. Mji huo Wahungaria wanauita Kolozsvár. Transilvania ilikuwa chini ya Ufalme wa Hungaria mpaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Mkataba wa Trianon wa 1920 ukaiweka Romania. Familia nyingi za Kihungaria zimebaki pale pale hadi leo, na majiko yao. Wao wanakiita *kolozsvári káposzta*, kabichi ya Kolozsvár, au *rakott káposzta*, kabichi ya kupangwa. Jina la Napoca, la mji wa kale wa enzi za Warumi, liliongezwa 1974 tu, kwa hiyo ukiona mapishi yanasema "Cluj" peke yake hayajakosea.

Kwa kawaida upande wa Kihungaria hutumia kabichi iliyochachushwa, paprika kwa wingi, nyama ya nguruwe na soseji ya moshi. Upande wa Kiromania utakuta pia kabichi mbichi, nyanya, shibiti (dill) na thaimu. Mapishi yaliyo hapa chini yameegemea upande wa pili, kwa sababu kabichi mbichi ndiyo inayopatikana gengeni.

Nimewahi kula kitu kama hiki Finland. Ni kile kile?

Hapana, ila ni mtu na binamu yake. Cha Finland ni *kaalilaatikko*: kabichi, nyama ya kusaga, wali au shayiri, na sharubati nzito ya sukari kidogo ili kabichi ipate rangi na utamu. Huliwa na jamu ya matunda mekundu yenye ukali. Waswidi nao wana *kålpudding*. Hizo mbili zina utamu, ya Cluj ina uchachu. Ukizichanganya utapata chakula kisichojua kinakwenda wapi.

Kuna tofauti gani na kabichi za kukunja?

Za kukunja, yaani *sarmale* kwa Kiromania, ni nyama na mchele vilivyofungwa ndani ya jani moja moja la kabichi na kupikwa taratibu kwa saa nyingi. Ndicho chakula cha sikukuu na harusi kule Romania. Hii ya matabaka ina ladha ya jamii hiyo hiyo bila kazi ya kukunja. Wapo wanaoiita sarmale za mvivu. Mimi sioni uvivu: muda unaouokoa kwenye kukunja utautumia kwenye kukaanga kabichi, na huo usiuibe.

## Mahitaji

Nahitaji nini kwa watu sita mpaka wanane?

- Kabichi 1 kubwa, kilo 1.5 hadi 2
- Nyama ya kusaga gramu 700
- Mchele gramu 150, takriban robo tatu ya kikombe
- Vitunguu maji 2 vikubwa, vitunguu saumu punje 3
- Soseji za ng'ombe gramu 200, hasa za moshi kama zipo
- Paprika tamu vijiko 2 vya chakula
- Nyanya 3 zilizoiva sana, au nyanya ya kopo vijiko 2 vya chakula
- Krimu chachu mililita 400, au mbadala wake
- Yai 1
- Limau 1 kubwa au siki vijiko 2 vya chakula (kama kabichi si ya kuchachusha)
- Thaimu kavu kijiko 1 cha chai, shibiti kama unayo
- Mafuta, chumvi, pilipili manga

Trei ya sentimita 23 kwa 33 inatosha. Ukiona kabichi mbichi imejaa beseni zima usiogope. Ikikaangwa inarudi chini ya nusu.

Kabichi ipi ni nzuri?

Ile nzito kuliko inavyoonekana. Inyanyue sokoni, iminye: iwe ngumu kama mpira uliojaa upepo, na bua lake lisiwe limekauka na kupasuka. Kabichi nyepesi yenye majani yaliyoachana ni nzuri kwa kachumbari, lakini hapa itayeyuka na tabaka lako litabaki unyuzi. Nyekundu iache. Ladha si mbaya, tatizo ni kwamba krimu hugeuka zambarau, na watoto hawatasogea mezani.

Lazima kabichi iwe ya kuchachusha?

Kwa mtu wa Kolozsvár, ndiyo, na hatakuelewa ukimwambia vingine. Kule kabichi huchachushwa majira ya vuli, nyingine nzima nzima ndani ya mapipa ya maji ya chumvi, ili nyumba iwe na mboga mpaka masika. Kwetu kabichi inapatikana mwaka mzima, kwa hiyo sababu ya msingi haipo. Inayobaki ni ladha.

Ukitumia mbichi, uchachu uutafute pengine: kamulia limau au tia siki mwishoni mwa kukaanga kabichi, siyo mwanzoni, maana asidi huchelewesha kabichi kulainika.

Ukitaka njia ya katikati, ambayo ndiyo ninayoifuata mimi, changanya nusu kwa nusu. Namna ya kuichachusha mwenyewe imeelezwa katika swali linalofuata.

Nitaichachushaje nyumbani?

Kata kabichi nyembamba na uipime. Kwa kila kilo moja weka chumvi gramu 20. Ifikiche kwa mikono dakika kumi hivi mpaka itoe maji yake. Ishindilie kwenye chupa safi ya kioo mpaka yale maji yaifunike, kisha weka kitu kizito juu, hata kimfuko cha plastiki kilichojazwa maji. Kabichi ikichungulia hewani itaota ukungu. Ikiwa chini ya maji itachacha salama, kwa sababu bakteria wanaotakiwa hawahitaji hewa na hutengeneza asidi inayowafukuza wengine.

Funga kifuniko bila kukikaza, maana gesi hutoka. Kwenye ubaridi wa nyuzi 18 hadi 20 huchukua wiki tatu au nne. Dar es Salaam au Mombasa mambo huenda mbio: anza kuonja siku ya nne, na wiki moja ikifika ihamishie kwenye friji. Harufu iwe kali ya uchachu, isiwe ya uozo. Ukiona ukungu wa rangi, manyoya ya kijani au meusi, mwaga yote.

Nyama gani, na vipi kwa sisi tusiokula nguruwe?

Asili yake kule ni nguruwe, au nguruwe na ng'ombe pamoja, na kazi ya nguruwe ni mafuta. Ng'ombe anaziba pengo hilo vizuri ukimwambia muuza bucha asikusagie nyama kavu. Omba ichanganywe na mafuta kidogo, kama sehemu moja kwa tano. Kima kavu kabisa kikiokwa na kabichi hugeuka punje punje kama kokoto. Mbuzi anafaa pia, lakini harufu yake itashinda paprika, kwa hiyo ongeza thaimu.

Ladha ya moshi, ambayo kule huletwa na soseji na mafuta ya nguruwe ya kukaushwa, utaipata kwa soseji za ng'ombe za moshi zilizokatwa vipande na kukaangwa kwanza, au kwa paprika ya moshi. Kuku wa kusaga sikushauri. Hana nguvu ya kubishana na kabichi.

Paprika ni nini? Naweza kuweka pilipili ya kawaida?

Ni unga wa pilipili nyekundu za jamii ya hoho, zisizo kali au zenye ukali kidogo, zilizokaushwa na kusagwa. Inatoa rangi na utamu, haichomi mdomo. Ukiweka vijiko viwili vya pilipili kichaa badala yake, usinitaje.

Kama huipati, kausha hoho nyekundu juani au kwenye oveni yenye moto mdogo, saga, chekecha. Binzari si mbadala wake. Ladha yake itakupeleka kwenye pilau. Na paprika huungua kwa sekunde chache ikawa chungu: ondoa sufuria motoni, tia, koroga, ndipo urudishe ukiwa na nyanya mkononi.

Krimu chachu sipati. Nitumie nini?

Mtindi mzito, au maziwa mgando (maziwa lala kwa walioko Kenya) yaliyochujwa. Yamimine kwenye kitambaa safi, funga, yaning'inize juu ya bakuli kwa saa tatu au nne kwenye friji. Kinachobaki kwenye kitambaa ni kizito kama krimu. Kwa mililita 400 anza na karibu lita moja. Ukiongeza vijiko viwili vya krimu ya kawaida au siagi iliyoyeyushwa, tofauti ni ndogo. Mtindi wa sukari au wa vanila hapana, hata kama ndio pekee uliopo dukani saa hiyo.

## Kupika

Naomba hatua kwa hatua.

Katakata kabichi nyembamba, upana wa kidole kidogo cha mtoto, ukiacha bua. Nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha nusu saa, kisha ikamue kwa mikono kwa nguvu. Kama unatumia iliyochachushwa usiitie chumvi, ikamue tu.

Chemsha mchele dakika nane hivi kwenye maji mengi, umwage maji. Uwe na kiini kigumu kidogo.

Pasha mafuta kwenye sufuria pana, kaanga kabichi kwa moto wa wastani dakika 25 hadi 30 (sababu iko katika swali linalofuata). Mwisho tia limau au siki, pilipili manga na nusu ya thaimu.

Kwenye sufuria nyingine kaanga soseji, zitoe. Katika mafuta hayo hayo kaanga vitunguu maji mpaka vilainike, tia saumu, kisha nyama. Ivunjevunje kwa mwiko mpaka maji yake yakauke na ianze kuchirizika mafuta. Toa motoni, tia paprika, koroga, tia nyanya, rudisha motoni dakika tano. Changanya na wali, thaimu iliyobaki, shibiti kama unayo, na chumvi. Onja. Iwe na chumvi inayostahili, kwa sababu ikishaingia katikati ya matabaka huwezi kuifikia.

Paka trei mafuta. Panga: kabichi, nyama, kabichi, soseji na nyama iliyobaki, kabichi. Kila tabaka lishindilie kwa mgongo wa kijiko na ulipake kijiko kimoja au viwili vya krimu. Krimu iliyobaki ipige na yai, mimina juu, tikisa trei ili ishuke pembeni.

Oka nyuzi 180, dakika 30 ikiwa imefunikwa kwa foili, kisha dakika 20 wazi. Iache nje dakika 20 kabla ya kukata. Hizo dakika 20 za mwisho ni sehemu ya mapishi.

Kwa nini nikaange kabichi muda wote huo? Si itaiva kwenye oveni?

Itaiva, lakini itaiva kama kabichi ya kuchemsha, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa kisha wakasema chakula cha Wazungu hakina ladha.

Kabichi zaidi ya tisa ya kumi yake ni maji. Ukiifungia mbichi chini ya nyama na krimu, maji hayo hayana pa kwenda: yanashuka chini ya trei, yanalowesha wali, na harufu ile ya bweni inajaa nyumba. Ukiikaanga kwanza kwenye sufuria wazi, maji yanaondoka kama mvuke, sukari iliyomo ndani yake inabaki na kuanza kubadilika rangi. Dakika kumi za kwanza hutaona chochote zaidi ya kusinyaa. Dakika ya kumi na tano watu wengi huepua. Subiri. Kuanzia ya ishirini utasikia mlio wa sufuria unabadilika, kutoka kuchemka kwenda kukaangika, na kingo za majani zitaanza kuwa za dhahabu. Chota, onja: kuna utamu ambao haukuwepo.

Mara ya kwanza nilipika hiki kwa wageni wanane na nikaruka hatua hiyo kwa haraka. Nilitumia nyama nzuri, krimu ya bei, kila kitu. Tulikula kwa vijiko, kama supu. Mgeni mmoja akaomba bakuli.

Kabichi ikiwa imekaangwa sawasawa, hata nyama ya gramu 400 inatosha. Kwa hiyo bajeti ikibana punguza nyama, usipunguze dakika.

Nyama iingie mbichi au imekaangwa?

Wapo wanaochanganya nyama mbichi na mchele na kupanga hivyo hivyo. Faida yake ni kwamba tabaka hushikana kama keki na linakatika vizuri. Hasara ni muda: oka saa moja na nusu badala ya dakika hamsini, na uhakikishe katikati pamefika nyuzi 71, joto ambalo nyama ya kusaga ya ng'ombe huwa salama. Huna kipimajoto, kaanga kwanza.

Matabaka mangapi?

Matano: matatu ya kabichi, mawili ya nyama. Kabichi ianze chini, imalizie juu. Ya chini inazuia nyama isishike, ya juu inazuia wali usikauke ukawa kama changarawe. Chombo chako kikiwa kirefu na chembamba fanya saba, hakuna atakayehesabu.

Naweza kuiandaa leo nikaioka kesho?

Ndiyo, na inakuwa bora. Panga kila kitu isipokuwa krimu ya juu, acha ipoe kabisa, funika, weka kwenye friji. Kesho yake mimina krimu na uongeze dakika 15 za kuoka kwa sababu inaanza ikiwa baridi. Nyama iwe iliyokaangwa, siyo mbichi.

## Bila oveni

Nina jiko la mkaa tu. Inawezekana?

Inawezekana, na aliyewahi kupika mkate wa kumimina anajua tayari. Tumia sufuria nene yenye mfuniko bapa. Paka mafuta vizuri, tandika chini majani mazima matatu manne ya kabichi yaliyochovywa maji ya moto ili yalainike. Hayo yatapokea kuungua badala ya chakula. Panga kama kawaida.

Chini acha makaa machache yaliyofifia, juu ya mfuniko palia mengi zaidi. Kosa la kawaida ni kugeuza hesabu hiyo. Kwa kuwa kila kitu ndani kimeshaiva, unachotafuta ni kushikana na rangi ya juu: dakika 35 hadi 45. Usifunue kila dakika tano, majivu yataingia na joto litatoka.

Na jiko la gesi?

Weka kikaangio kizee cha chuma juu ya moto mdogo kabisa, na sufuria juu ya kikaangio. Au tumia ile njia ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, kama unavyooka keki. Kwa njia zote mbili juu hapatapata rangi. Mimi hukaanga makombo ya mkate kwa siagi na paprika kidogo na kuyanyunyiza wakati wa kupakua. Si jambo la Cluj, ni la mtu asiye na oveni.

## Mambo yakienda kombo

Imejaa maji. Naiokoaje?

Inamisha trei kwa uangalifu, ukishikilia chakula kwa mwiko, mwaga maji kwenye bakuli (usiyatupe, ni mchuzi mzuri). Rudisha kwenye oveni bila kufunika, nyuzi 200, dakika 15. Itakuwa afadhali, lakini haitakuwa kamili. Dawa yenyewe ilikuwa kwenye kukamua na kukaanga.

Krimu imekatika, imekuwa madonge na maji.

Moto ulikuwa mkali, au ulitumia mtindi mwembamba. Ni salama kula. Siku nyingine piga krimu na yai, au na kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano, maana huishikilia isiachane. Wenye mtindi wa mafuta kidogo waweke krimu ya juu dakika 20 za mwisho tu.

Chumvi imezidi.

Karibu kila mara ni kabichi ya kuchachusha ikishirikiana na soseji. Kabla ya kupika, onja kabichi ikiwa bado baridi. Ikikunja uso, iloweke kwenye maji dakika 15 na uikamue. Ikiwa imeshaokwa, ipakue na mtindi mtupu usio na chumvi na ugali mwingi. Mwenye shinikizo la damu atumie kabichi mbichi yote na aache soseji.

Nikikata inasambaratika.

Haikupumzishwa, au haikushindiliwa, au wali uliiva kabisa kabla hivyo ukakosa kazi ya kunyonya mchuzi ndani ya oveni. Ukitaka vipande vyenye pembe, ikate kesho yake ikiwa baridi kisha upashe kipande kimoja kimoja.

## Kula na kuhifadhi

Inaliwa na nini?

Kule, na krimu chachu zaidi juu, mkate, na pilipili ndefu za kuchachusha pembeni. Sarmale, ndugu yake, huandamana na *mămăligă*, na hapa mpishi wa Kiswahili anaweza kucheka: mămăligă ni ugali. Unga wa mahindi ya njano, maji, chumvi, mwiko. Husongwa ukawa mgumu, hupinduliwa kwenye ubao, na kwa desturi hukatwa kwa uzi. Mahindi yalitoka Amerika yakaenda kote kuwili, kila mtu akasonga kivyake. Ndani ya kabichi hii tayari kuna wali, kwa hiyo ugali kidogo unatosha.

Kachumbari inafaa, bila kabichi ndani yake.

Inakaa siku ngapi?

Kwenye friji siku tatu hadi nne. Siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza. Angalia hili: usiiache juu ya meza usiku kucha ukisema utaipasha asubuhi. Kwenye wali kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na vikipata joto la chumba kwa saa nyingi hutengeneza sumu isiyoondolewa na kupasha. Iingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu kuepuliwa, ikiwa imegawanywa kwenye vyombo visivyo virefu ili ipoe haraka. Ikipashwa ifuke mvuke mpaka katikati.

Kwenye friza hukaa miezi miwili hadi mitatu bila shida, krimu ikiachana kidogo.

Kabichi inanijaza gesi. Nifanyeje?

Kukaanga kwa muda mrefu kunasaidia wengi, na iliyochachushwa baadhi ya watu huivumilia vizuri zaidi. Shibiti nayo haikuwekwa kwa urembo tu. Lakini kama kabichi haipatani nawe kabisa, hakuna mbinu, pika kitu kingine.

## Maswali ya pembeni

Inaweza kupikwa bila nyama?

Ndiyo, na si uzushi wetu. Waromania wengi ni Waorthodoksi, na wakati wa kufunga hawali nyama wala maziwa, hivyo sarmale zao hujazwa uyoga na mchele. Chukua mfano huo: uyoga gramu 500 uliokatwa mdogo na kukaangwa mpaka ukauke kabisa, mchele uongeze kidogo, paprika ile ile. Juu, kama pia huli maziwa, weka rojo la nyanya badala ya krimu.

Naweza kuweka tui la nazi badala ya krimu?

Swali hili hutoka Pwani kila mara, na nimejaribu. Tui zito pamoja na limau lilitoa chakula kizuri sana, laini, tulikimaliza chote. Ila hakikuwa hiki. Nazi ina utamu, na utamu ukikutana na kabichi iliyokaangwa unakuwa mwingi, kwa hiyo ongeza limau mara mbili na upunguze paprika. Kiite jina lingine.

Mgonjwa wa kisukari anaweza kula?

Kabichi na nyama si tatizo kubwa, wali ndio wa kuangalia. Punguza mchele uwe nusu, au uache kabisa na uweke yai la pili kwenye nyama ili ishikane. Usiile na ugali. Kiasi kinachomfaa mgonjwa mwenyewe atakijua anayemtibu.

Nataka kupika kwa watu thelathini. Nizidishe mara nne tu?

Nyama, mchele na krimu, ndiyo. Kabichi zidisha pia, lakini usiikaange yote kwa mkupuo kwenye sufuria moja la shughuli. Ikirundikana itajichemsha kwa mvuke wake na utakuwa umerudi kwenye swali la maji. Kaanga mafungu manne, au weka makarai mawili na watu wawili. Chumvi zidisha mara tatu kwanza, kisha onja. Na usipange kwenye chombo chenye kina cha zaidi ya sentimita nane: juu pataungua kabla ya katikati kupata moto. Trei nne za kawaida ni bora kuliko sinia moja la ajabu, na mbili kati ya hizo zinaweza kuandaliwa siku iliyotangulia.